Re: Zemia katika Wafilipi 3:7

Bwana asifiwe, ndugu. Umekwama hapa: Paulo anapoita tohara na Ufarisayo wake zemia (Kigiriki, “hasara”), je, anasema vilikuwa dhambi? Kabla ya kamusi, mimi huanza na Matendo 27:10. Pale zemia ni hasara ya merikebu na shehena, na baadaye ngano inatupwa baharini. Ngano ile haikuwa mbaya hata kidogo! Kwa Wafilipi Paulo anaipambanisha zemia na kerdos, faida, kama mfanyabiashara anayefunga hesabu. Basi nasoma kwamba tohara na Ufarisayo vilikuwa na thamani ya kweli, naye akakubali kuvikosa ampate Kristo. Ukali wenyewe uko mstari wa 8, kwenye skubala, yaani takataka au mavi. Soma pia 1 Wakorintho 3:15, penye kitenzi cha zemia: kazi inateketea, mwenye kazi anaokolewa.