SDP ya Uingereza ilikufia wapi

Mkuu unauliza SDP (Social Democratic Party, chama cha siasa) ya Uingereza ilikufaje wakati ilianza na moto vile, mi nasema mfumo wa kura ndo uliwamaliza. Wanasiasa wanne, Jenkins, Owen, Williams na Rodgers, walijitoa chama cha Labour 1981 wakiona kimeenda kushoto mno (ujamaa umezidi), wakaunda SDP, wakashirikiana na Waliberali (chama kingine, Liberal), uchaguzi wa 1983 muungano wao ukapata kama asilimia 25 ya kura na Labour 27 na ushee, yani wanapumuliana kisogoni. Sasa cheki viti, Labour 209, wao 23! Kura zao zilitawanyika nchi nzima na kule jimbo anachukua anayeongoza tu, wa pili haambulii kitu. 1988 wengi wakaungana na Waliberali kuwa chama kimoja, Owen (mbishi yule) akagoma, akabaki na kachama kake mpaka 1990.