Mitikiti inanyauka, maboga yanacheka

Dada, umesema mitikiti yako huko Micheweni inanyauka mmoja mmoja tangu ilipoanza kubeba: mchana inalala, jioni inainuka, mpaka siku haiamki tena. Na maboga ya pembeni yamestawi kama hayajui msiba. Hilo la maboga ndilo lililonishtua.

Ng'oa mtikiti mmoja, upasue shina kwa urefu, chini karibu na mizizi. Ukiona michirizi ya kahawia ndani, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai, huo ni mnyauko wa fuzari. Kuvu wake hukaa udongoni, huingilia mizizini na kuziba njia za maji. Ndiyo maana kuumwagilia zaidi hakusaidii, wala dawa ya kupuliza majani, hata muuza duka aape.

Kuvu huyu ana koo zake. Anayeua tikiti maji kwa kawaida siye anayeua tikiti tamu, na maboga na mumunye huwahimili wote wawili vizuri. Wajapani waliliona hilo, wakaanza kubebesha, yaani kuunganisha chipukizi la tikiti juu ya shina la mche wa mumunye, tangu miaka ya 1920. Mumunye hapa tunazo, jaribu miche michache.

Konde hilo lipumzishe tikiti miaka mingi, tia muhogo au mtama. Uliyoing'oa ichome, usiitupe kwenye mbolea. Na jembe lako lioshe udongo kabla hujamwazima jirani. Mimi niliazima la mtu, sikuliosha, msimu wa pili sikuvuna hata tikiti la kufuturia.