Kabla ya kupakua data za darubini, soma kwanza maelezo yake

Mwaka 1998 Darubini ya Anga ya Hubble iliipiga picha nyota iitwayo HR 8799, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 130 kutoka kwetu. Picha zilichambuliwa, hakuna sayari iliyoonekana, faili zikawekwa hifadhini. Miaka kumi baadaye, darubini kubwa za Hawaii zilionyesha sayari tatu zikiizunguka nyota hiyo. Ndipo wanaastronomia waliporudi kwenye faili za 1998 wakiwa na mbinu mpya ya kuondoa mng'ao wa nyota. Mwaka 2009 wakaikuta sayari moja mle ndani, na mwaka 2011 wenzao wakazipata zote tatu. Kwa ghafla wakawa na mwendo wa sayari hizo wa zaidi ya miaka kumi, bila kusubiri miaka kumi mingine.

Hadithi hii huwa naanza nayo kila ninapomsaidia mtu anayeingia kwenye hifadhi za data za anga kwa mara ya kwanza. Wengi huisikia na kufikiria ile mbinu mpya. Mimi humwomba afikirie jambo jingine: aliyeziweka faili zile aliandika saa, chombo, kichujio, muda wa kupokea mwanga na jinsi darubini ilivyokuwa imegeuzwa. Bila maandishi hayo, mbinu mpya isingekuwa na pa kushika. Ushauri wangu wote unatoka hapo: soma maelezo kabla ya kuitazama picha.

Milango yenyewe iko wazi. Hifadhi ya MAST, iliyoko Baltimore, ina data za darubini za angani Hubble, Webb, Kepler na TESS. Shirika la ESO, la nchi za Ulaya kwa uchunguzi wa anga, lenye makao Garching nchini Ujerumani, linahifadhi data za darubini zake za Paranal na La Silla huko Chile. Data za Gaia, chombo kilichopima mahali na umbali wa nyota, ziko kwa ESA, shirika la anga la Ulaya. Hakuna ada, na kwa sehemu kubwa hutahitaji hata akaunti. Kizuizi pekee utakachokutana nacho ni kile kipindi ambacho mwenye mradi huachiwa data zake peke yake: kwa miradi ya kawaida ya Webb na ya ESO ni mwaka mmoja, kwa Hubble miezi sita. Ukiona faili imeorodheshwa lakini haipakuliki, tazama tarehe ya kuachiliwa kwake. Mara nyingi ni suala la kusubiri tu.

Usiingie bila swali. Hifadhi hizi ni kubwa mno kwa mtu anayekuja kuangaliaangalia, na swali dogo hufaa kuliko kubwa. "Je, nyota hii ilibadilika mwangaza kati ya mwaka huu na ule?" linatosha kabisa. Swali ndilo litakalokuambia unataka picha au spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake), kichujio kipi, na miaka ipi.

Halafu hakikisha unatafuta mahali sahihi. Nimewaona watu werevu wakiamini kwamba nyota fulani haimo kwenye katalogi, kumbe imo. Chukua Nyota ya Barnard. Ukiiulizia SIMBAD, ile kanzidata ya Strasbourg ambayo sote tunaitegemea kwa majina, utapewa mahali pake kwa mwaka 2000. Lakini nyota hiyo husogea angani zaidi kidogo ya sekunde 10 za tao kila mwaka (digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja sekunde 60), kuliko nyota nyingine yoyote, na Gaia imeandika mahali pa nyota kwa mwaka 2016. Kwa miaka hiyo 16 imesogea zaidi ya dakika mbili na nusu za tao. Ukitafuta kwa nusu kipenyo cha sekunde 5, hutaipata. Baya zaidi, upande ule wa anga umejaa nyota, kwa hiyo unaweza kuletewa jirani isiyohusika na ukaendelea na kazi kwa furaha. Nyota nyingi hazikimbii hivyo, lakini kwa zile zilizo karibu nasi, uliza kila mara: mahali hapa ni pa mwaka gani? Kisha fungua Aladin, programu ya kutazamia picha za anga, weka picha za miaka tofauti moja juu ya nyingine, ujionee mwenyewe.

Ukishapata orodha ya matokeo, utaona kitu kimoja kina faili nyingi zenye majina yanayokaribiana. Tofauti iko mwishoni mwa jina. Kwa Hubble, *raw* ni data mbichi kama zilivyotoka kwenye chombo, *flt* ni picha moja iliyokwisha rekebishwa, na *drz* ni picha kadhaa zilizonyooshwa na kuunganishwa. Webb ina mfululizo wake, kutoka *uncal* (mbichi) hadi *i2d* (iliyounganishwa). Anayeanza aachane na mbichi. Mimi huchukua ile iliyounganishwa pamoja na zile moja moja zilizoiunda, kwa sababu nikiona doa la ajabu kwenye picha ya mwisho nataka kujua kama lipo kwenye zote au kwenye moja tu. Likiwa kwenye moja, karibu kila mara ni chembe ya miale ya kosmiki iliyogonga kihisi. Zile picha ndogo za mfano zinazoonekana kwenye ukurasa wa utafutaji ni za kuchagulia. Usipime chochote juu yake, wala juu ya zile picha za rangi zinazotolewa kwa umma. Mwangaza wake umevutwa na kubanwa ili jicho lipendezwe.

Sasa faili yenyewe. Nyingi ziko katika muundo wa FITS, ambao wanaastronomia wameutumia tangu 1981 na bado unasomeka hadi leo. Kila faili ina kichwa cha maandishi ya kawaida, mistari yenye herufi 80 kila mmoja. Soma kichwa hicho. Sisemi ukipitie kwa macho, kaa nacho. Tafuta DATE-OBS (tarehe), EXPTIME (muda wa kupokea mwanga), FILTER (kichujio), na hasa BUNIT, yaani kipimo cha namba zilizomo kwenye pikseli.

Hapo kwenye BUNIT ndipo kazi nyingi huharibikia. Picha ya *flt* kutoka kamera ya ACS ya Hubble huhesabu elektroni. Ile ya *drz* huhesabu elektroni kwa sekunde, maana yake imekwisha gawanywa kwa muda wa kupokea mwanga. Mtu akiigawanya tena kwa EXPTIME, nyota yake inafifia mara mamia bila sababu, na programu haitalalamika hata kidogo. Webb nayo hutoa megajanski kwa steradiani, kipimo cha mwangaza wa eneo, kwa hiyo lazima ujue ukubwa wa pikseli kabla ya kupata mwangaza wa nyota nzima. Haya yote yameandikwa kichwani mwa faili.

Jambo linalowatia hofu wageni: ukifungua faili ya Hubble, sehemu ya kwanza haina picha. Haijaharibika. Picha iko kwenye sehemu iitwayo SCI, na pembeni yake kuna ERR, yenye makadirio ya kosa la kila pikseli, na DQ, yenye hali ya kila pikseli. DQ hupuuzwa sana, nami naisikitikia, kwa kuwa kuna watu waliofanya kazi ngumu kutuonya humo. Namba zake ni jumla. Ukikuta 260, ivunje: 256 ni pikseli iliyojaa mwanga hadi ikafurika, na 4 ni pikseli yenye kasoro kwenye kihisi. Kitovu cha nyota yako kikiwa na namba ya namna hiyo, mwangaza utakaoupima si wa kuaminika, hata kama picha inapendeza. Programu ya DS9 itakufungulia sehemu zote hizi bila kuandika msimbo wowote. Ukiwa tayari kwa lugha ya programu ya Python, maktaba yake ya Astropy itafanya vivyo hivyo.

Kwa wanaotafuta sayari kwenye data za TESS nina neno la ziada. Pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao, eneo linaloweza kumeza nyota kadhaa. Mwangaza ukishuka kidogo kila baada ya siku chache, huenda si sayari. Huenda ni nyota mbili jirani zinazofunikana, na mwanga wao umechanganyika na wa nyota yako. Tazama majirani kwenye Gaia kabla ya kushangilia. Utaona pia safu mbili za mwangaza, SAP, iliyojumlishwa moja kwa moja kutoka kwenye pikseli, na PDCSAP. Ya pili imeondolewa mitikisiko ya chombo na ni nzuri kwa sayari, lakini inaweza kufuta hata mabadiliko ya polepole ya nyota yenyewe. Ukichunguza mzunguko wa nyota, zitazame zote mbili. Na saa: TESS huanza kuhesabu siku za Julian (hesabu ya siku mfululizo ya wanaastronomia) kutoka 2457000, Kepler kutoka 2454833. Ukizichanganya bila kurekebisha, umepotea kwa siku 2167.

Gaia inahitaji uandike ombi kwa ADQL, lugha ya kuulizia kanzidata, na haichukui muda kuizoea. Anza na TOP 100, yaani mistari 100 tu, uangalie kama safu ulizoomba zina maana, kisha ongeza. Ukitumia astroquery, kifurushi cha Python cha kuulizia hifadhi hizi, na ukapata mistari 2000 kamili, usidhani anga imekupa namba nzuri. Ombi lako limekatwa na unapaswa kutumia njia isiyo ya papo kwa papo. Pia usigeuze kila paralaksi (kuhama kidogo kwa nyota angani Dunia inapolizunguka Jua) kuwa umbali kwa kugawa moja kwayo. Zimo paralaksi hasi, nazo ni vipimo halali vyenye kosa kubwa. Ukizitupa, unabaki na sampuli iliyopinda.

Hifadhi ombi lako pamoja na data ulizopata, na tarehe. Vituo huzichakata upya data za zamani kila wanapokielewa chombo vizuri zaidi, hivyo faili ya jina lile lile inaweza kuwa na namba tofauti mwakani. Kwenye faili za Webb, nakili CAL_VER na CRDS_CTX. Ndizo zinazosema ni toleo gani la programu na la marejeo ya urekebishaji lililotumika.

Ukifika pa kuchapisha, taja namba ya mradi uliozaa data na hifadhi iliyokupa. Kila hifadhi ina maneno inayopendelea kwa shukrani. Ukikwama kabla ya hapo, andikia dawati la msaada. Wape jina kamili la faili, mstari wa kichwa unaokutatiza, na ulichotarajia kukiona. Ukiuliza hivyo, unamrahisishia kazi anayekijua chombo hicho kwa ndani.