Utepe wa buluu mtini

Mwanangu mpenzi,

Barua yako tumeipata, nasi hatujambo. Umeniuliza kwa nini wakata miti wa hapo Honolulu, Hawaii, waliruka tawi moja la mti wa mbele ya nyumba yenu, wakasema lina utepe wa buluu, lisiguswe. Na mwenzako kazini akakwambia ndege wa juu ni wa mungu.

Utepe hufungwa na wakazi wanaojitolea, kuonyesha kwamba juu kuna yai au kinda. Ndege mwenyewe huitwa manu-o-Kū; ni jamaa ya buabua wetu, ila yeye ni mweupe mwili mzima na hajengi kiota. Hutaga yai moja juu ya tawi tupu, penye kibonde kidogo tu. Kinda likianguliwa, litazame miguu: mwili ni manyoya laini, lakini kucha zimeshika tawi kama ndoana. Nililiona moja nilipokuwa nasoma huko. Upepo unavuma, tawi linapanda na kushuka, lenyewe limetulia. Sijalisahau.

Jina lake maana yake ni ndege wa Kū, mmoja wa miungu wanne wakuu wa Wahawaii wa kale. Wengi humtaja kwa vita, lakini wavuvi nao walikuwa na Kūʻula, yaani Kū wa uvuvi, wakimtolea samaki wa kwanza.

Mimi naona heshima ya ndege huyu imetoka baharini hasa. Alfajiri huondoka nchi kavu kwenda kuvua, jioni hurudi kulala. Baharia akimwona hujua kisiwa kiko karibu, labda maili 120 hivi. Mwaka 1980 Hōkūleʻa, chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, kilikuwa njiani kwenda Tahiti bila dira. Rubani alikuwa Nainoa Thompson, na mwalimu wake, Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, alikuwemo. Asubuhi wakamwona manu-o-Kū akiruka. Kwa kuwa asubuhi ndege hutoka nchi kavu, Nainoa akaelekeza chombo kule alikotokea. Wapi! Kisiwa hakikuonekana. Mau akawaambia wageuze, wamfuate ndege. Wakamfuata, na kisiwa kikatokeza. Mau alikuwa ameona kitu ambacho wenzake hawakukiona: ndege alikuwa na samaki mdomoni. Ulikuwa msimu wa kulea, na yule alikuwa anawahi kwa kinda lake.

Kwa hiyo usishangae mji kumpenda hivyo. Katika visiwa vikuu vya Hawaii anazaliana Oʻahu tu, kisiwa chenu chenye Honolulu, tena humo humo mjini penye magari na kelele, na mwaka 2007 Honolulu ikamtangaza kuwa ndege wake rasmi.

Kesho jioni ukitoka kazini, simama kidogo chini ya mti ule. Akirudi, samaki wadogo watakuwa wamejipanga mkingamo mdomoni, kadhaa kwa mara moja. Wahesabu, uniandikie ni wangapi.

Wako,
Baba