Maswali na majibu: Dar es Salaam hadi Bukoba kwa gari la kulala

Barua za safari hii zimetoka kwa wenza walioamua kulifanya gari kuwa chumba chao cha kulala na kuizunguka nchi wawili wawili. Baadhi ya maswali nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja.

Swali: Mimi na mke wangu tuna likizo ya wiki tatu mwezi Julai. Tumeondoa viti vya nyuma vya HiAce yetu na kuweka kitanda. Tunataka kupita Iringa hadi Mbeya, turudi Iringa, twende Dodoma, Mwanza na Bukoba, kisha turejee Dar es Salaam. Je, muda unatosha? (Msomaji wa Tabata)

Jibu: Unatosha kwenye karatasi. Mzunguko huo unakaribia kilomita 4,100, na kwa barabara zetu, zenye vijiji vyenye kibao cha kilomita 50 kwa saa, mizani, matuta na malori yanayopanda milima kwa kujikokota, si busara kupanga kwa wastani unaozidi kilomita 50 kwa saa. Hizo ni saa zipatazo 80 za usukani. Mkiendesha siku mbili na kupumzika ya tatu, mtabaki na siku 14 za barabarani, na kila moja itawadai karibu saa sita kabla ya kuhesabu chakula, mafuta na pancha.

Ningeiacha Mbeya. Mtapunguza takriban kilomita 660 bila kukosa uzuri wa njia ya kusini, kwa maana mtakuwa mmekwisha kupita Mikumi, bonde la mibuyu karibu na Ruaha Mbuyuni ambako vitunguu hupangwa kando ya barabara, pamoja na mlima Kitonga. Iringa yenyewe inastahili siku mbili, na moja kati ya hizo iende Isimila, kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale. Kutoka hapo barabara ya lami inayopita Mtera itawafikisha Dodoma kwa mwendo wa kilomita 260 hivi, nanyi mtaendelea Singida, Nzega, Shinyanga na Mwanza. Baada ya Mwanza hamtapanga tena foleni ya kivuko cha Busisi, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025, na safari ya kwenda Geita na Kagera sasa haitegemei ratiba ya mtu mwingine.

Mwezi mmeuchagua vizuri. Dar es Salaam ina masika na vuli, lakini Iringa, Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwenye Novemba na kuishia kwenye Aprili, hivyo Julai mtakuta barabara za vumbi zinapitika. Chukueni blanketi nzito, maana baridi ya Iringa wakati huo huwashangaza sana watu wa Pwani.

Jambo moja ningependa mlikubaliane kabla ya kuwasha gari: ifikapo saa kumi jioni, muwe mmeegesha. Abiria wa basi analazimika kufika mjini ndipo apate kitanda, ilhali nyinyi kitanda mnacho. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuendesha gizani, penye malori yaliyoharibika bila viakisi, ng’ombe, na baiskeli zisizo na taa. Wenza wengi huligeuza gari la kulala kuwa basi la kukimbiza kilomita, kisha wanashangaa kwa nini wamerudi nyumbani wamenuniana.

Swali: Fundi anasema betri ya gari inatosha kuendesha friji ndogo usiku kucha. Nina wasiwasi. (Mama wa Morogoro)

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, mama. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiifyonza polepole usiku kucha, asubuhi gari haliwaki, na baada ya kufanyiwa hivyo mara kadhaa betri yenyewe hufa.

Wekeni betri ya pili ya matumizi ya ndani, iliyotenganishwa na ile ya injini. Hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200, lakini kama ni ya risasi na asidi msitumie zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600, la sivyo mtaifupishia maisha. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 hutumia wati 40 hadi 60 inapofanya kazi, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha, kwa siku nzima mara nyingi huishia kwenye wati-saa 500 au zaidi kidogo joto likiwa kali. Ongezeni taa mbili na simu mbili, nusu yenu imekwisha. Paneli ya sola ya wati 200 juu ya bodi, kwa jua la Dodoma au Singida, itarudisha wati-saa 700 hadi 900 kwa siku ikiwa haina vumbi wala kivuli cha mti. Betri za lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya chaji na ni nyepesi, ila bei yake ni ya juu.

Fundi akikuwekea inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ili utumie friji ya nyumbani, mkatalie kwa upole, kwa sababu umeme unaopotea kwenye inveta peke yake utawatesa. Tena mwambie aweke fyuzi karibu kabisa na betri. Waya mnene usio na fyuzi, ukisuguana na bati la bodi kwa kilomita elfu tatu, ndio chanzo cha moto ambacho watu husema kimetokea ghafla.

Swali: Je, tunaweza kupikia ndani wakati wa mvua, na kuacha jiko la mkaa lituletee joto usiku? (Wanandoa wa Kibaha)

Jibu: La mkaa, kamwe, hata kama madirisha mawili yako wazi, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na aliyelala huvuta hewa hiyo hadi mwisho bila kuamka. Watu wamepoteza maisha kwa njia hiyo katika vyumba vikubwa kuliko bodi ya gari lenu. Joto litafuteni kwenye blanketi na chupa ya maji ya moto.

Gesi ya mtungi wa kilo 6 mnaweza kuitumia mlango wa pembeni ukiwa wazi na mmoja wenu akiwa amekaa karibu na jiko mpaka lizimwe. Mtungi ufungwe usimame wima, valvu ifungwe kila gari linapoondoka, na mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni. Mtungi wa kuzimia moto ukae mahali ambapo mtu aliyelala anaweza kuufikia kwa mkono.

Kwa kuwa mmetaja usiku, kuna jambo dogo linaloharibu magari mengi ya kulala, nalo ni unyevu. Pumzi za watu wawili waliofunga vioo vyote hugeuka matone, vioo hulowa, na godoro lililowekwa moja kwa moja juu ya plaiwudi huota ukungu upande wa chini kabla ya wiki ya pili. Wekeni chaga chini ya godoro, acheni vioo viwili vya pande tofauti wazi kidogo vikiwa na wavu wa mbu, na kila asubuhi liinueni godoro lipigwe na upepo.

Swali: Tutalala wapi kwa usalama, hasa penye kijiji tusichomjua mtu? (Wasomaji watatu)

Jibu: Msilale kando ya barabara kuu. Mahali rahisi ni uwanja wa nyumba ya wageni au wa misheni, ambako mkilipia kidogo mtapata mlinzi, bafu na choo. Kijijini, fikeni mapema, mpige hodi kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mjieleze, mwonyeshe vitambulisho, na muulize pa kuegesha. Kwa kawaida mtaelekezwa penye nyumba ya mtu anayeheshimika, na kuanzia hapo nyinyi ni wageni wa kijiji. Mtu anayeegesha gizani bila kubisha hodi huonekana mwizi, na pengine atatendewa hivyo.

Ndani ya hifadhi za taifa hulalwa kwenye maeneo ya kambi yaliyotengwa tu, kwa malipo. Kwenye barabara kuu inayokatiza Mikumi msisimame wala kushuka, hata tembo akiwa mbali, na vibao vya faini za kugonga wanyama visomeni kwa makini.

Swali: Mjomba wa mume wangu anaishi Singida. Tukilala kwenye gari mlangoni pake, si tutamvunjia heshima? (Msomaji wa Mbagala)

Jibu: Mtamvunjia, na ukoo mzima utaisikia habari hiyo kabla hamjafika Nzega. Kwa mjomba laleni ndani, hata kama kitanda cha gari ni kizuri zaidi. Mpigieni siku kadhaa kabla, mumwambie ni usiku mmoja, na mfike na kitu mkononi. Kama kwa kweli hamna nafasi ya kulala, piteni mchana mle chakula na kuaga vizuri. Kupita kimya kimya ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Swali: Kubadilisha gari kunagusa bima? (Msomaji wa Arusha)

Jibu: Kunagusa. Iarifuni kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya safari, na muulize mamlaka ya usajili kama kadi ya gari inahitaji marekebisho. Bima ndogo haitalipa kitanda, sola wala friji yenu. Mkivuka mpaka kwenda Kenya, Uganda au Rwanda, kateni kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa nje ya mipaka.

Swali: Tunatoka Mbeya kuja Pwani, gari ni otomatiki na limejaa. Tunauogopa mteremko wa Kitonga. (Mume na mke wa Uyole)

Jibu: Kabla ya safari punguzeni uzito, mkianza na maji, kwa kuwa tangi la lita 100 lina kilo 100. Ingieni mteremko mkiwa tayari kwenye gia ya 2 au L, injini iwashike, na breki mzikanyage kwa vituo badala ya kuziegemea muda wote. Msitoe gia kamwe ili kuokoa mafuta. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni penye nafasi pana, zuieni magurudumu kwa mawe, wekeni viakisi, na subirini breki zipoe zenyewe. Msizimwagie maji.