Kuchanganya b na d peke yake si disleksia
Mnaouliza kama mtoto wa darasa la kwanza anayegeuza b na d ana disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika: hapana, hilo peke yake halitoshi kusema hivyo. Wengi wa miaka 6 au 7 hufanya hivyo na huacha wenyewe. Anzeni na kumpima macho na masikio. Kwa mlioko Moshi, hospitali ya KCMC wana kliniki za vyote viwili. Akiwa sawa huko, ndipo apimwe kusoma kwenyewe: sauti za herufi, silabi, halafu maneno ya kubuni kama "bude" au "nafo", maana ukimpa "baba" na "mama" atakutajia kwa kukariri tu. Na mwangalie kasi. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mwenye shida anaweza asikosee neno ila akajikokota silabi kwa silabi, na kwenye darasa la watoto 90 nani atamwona? Nafundisha darasa la pili, hao ndio wanaotuponyoka. Ila kama nyumbani mnaongea Kichaga tupu, hakikisheni kwanza Kiswahili anakielewa. Wa Arusha ulizieni Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru. Wanafundisha walimu wa elimu maalumu.