Steki ya Texas, baba yangu, na bili ya mwaka 2014

Wiki iliyopita dada mmoja anayenisoma aliniandikia. Yeye na mumewe wanatoka Dallas mwezi wa saba, wanaendesha gari hadi Grand Canyon, watoto wawili nyuma. "Kaka, tumeambiwa ukipita Texas bila kula steki ni kama hukupita. Tuingie, au tubebe wali wetu kwenye hotipoti?"

Nimemjibu: ingieni. Lakini swali lake limenigusa penye kidonda, kwa hiyo leo nitaeleza kwa kirefu. Najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo ya familia, gari na barabara isiyoisha. Basi someni mpaka mwisho.

Mwaka 2014 tulikuwa tunahama kutoka Oklahoma City kwenda Albuquerque, kufuata kazi. Mimi, mke wangu, shemeji yangu na rafiki yake, na mizigo hadi kwenye paa. Barabara ni ile I-40, na sehemu kubwa yake sina la kusimulia: tambarare, upepo, mitambo ya upepo ya kufua umeme. Ila mbali kabla hujafika Amarillo mabango yanaanza. Maliza steki ya aunsi 72 kwa saa moja, hulipi! Hayo ni ya Big Texan, mgahawa ulioanza mwaka 1960 kando ya barabara ya zamani ya Route 66, ukahamia kwenye I-40 mwaka 1970. Aunsi 72 ni zaidi ya kilo mbili, na pamoja na nyama unapaswa kumaliza kamba wa baharini, saladi, kiazi cha kuoka na mkate. Unalipa kwanza, unakaa jukwaani mbele za watu, ukishinda unarudishiwa. Nimelelewa kwamba chakula si mashindano, kwa hiyo hilo naliacha kwa wanaolipenda.

Sisi tuliingia kwingine, mji mdogo mbele ya hapo, jina silitaji. Pembe za ng'ombe ukutani, sakafu ya mbao, wahudumu wamevaa buti na kofia pana. Niliingia kifua mbele. Baba yangu ana bucha Singida, nimekulia chini ya ndoana za nyama. Kwetu ukisema steki buchani, unapimiwa nyama tupu isiyo na mfupa, na bei yake inapita ya mchanganyiko. Niliona neno steki kwenye menyu nikajua nimefika nyumbani. Nikaonyesha picha moja kwa kidole, sikuuliza. Ilikuwa T-bone, mfupa katikati, na bei ile ilikuwa ya nyama peke yake.

Mhudumu, dada wa makamo, akaniuliza naitaka vipi. Nikamwambia iwe ya moto. Akarudia swali kwa kunitajia maneno matano mfululizo. Nikatikisa kichwa kukubali lile la kwanza, ili aondoke. Neno hilo lilikuwa "rea", yaani imepitishwa motoni tu, ndani bado mbichi.

Sahani ilipofika nikakata kipande, maji mekundu yakatambaa hadi kwenye kiazi. Mke wangu akaweka uma chini. Niliirudisha kwa sauti ya juu, watu wakageuka. Ikarudi bado ina wekundu, nikairudisha tena. Mara ya tatu ilikuwa nyeusi na ngumu, na wenzangu walikuwa wameshamaliza, wananisubiri.

Kisha bili: dola 127. Nilikuwa nimepanga 80. Viazi peke yake, saladi peke yake, soda peke yake, halafu kodi ya mauzo asilimia 8.25 ambayo menyu haikuionyesha. Nikahesabu noti mpaka senti ya mwisho, tukatoka. Tukiwa tunafungua gari, yule dada akatufuata, ameshika kile kijalada cha bili, akamuuliza mke wangu kwa sauti ya kutetemeka kama kuna kosa alilotufanyia. Nikajibu mimi: tumelipa yote. Nikafunga mlango. Dirishani watu walikuwa wanatutazama.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama dharau tuliyofanyiwa. Nilikisimulia misibani, harusini, kanisani. Aliyenifunga mdomo ni mke wangu, alipopata kazi ya kuhudumia meza. Sheria ya taifa ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu mwaka 1991, na Texas wanakifuata hichohicho. Kinachojaza hadi kima cha chini cha dola 7.25 ni ile hela ya mteja, na ikipungua mwajiri ndiye anatakiwa kuongeza. Kwetu hela ya soda ni ihsani, ukitaka unatoa. Kule ndiyo mshahara wenyewe. Yule dada alitembea na sahani yangu mara tatu kwenda jikoni na kurudi, nami sikumlipa.

Ndugu zangu, ulizeni. Ulizeni bei ya nyama inakuja na nini. Ulizeni kipande kina mfupa au hakina. Ulizeni lile neno lina maana gani kabla hamjatikisa kichwa. Tumezoea kuona kuuliza ni kujiaibisha mbele ya mgeni, kumbe mhudumu anafurahi ukimuuliza, ndiyo kazi yake. Mimi aibu yangu ya dakika moja imenigharimu miaka. Kama hujazoea, sema "midiamu weli", nyama inakuwa imeiva na imebaki na waridi kidogo katikati. Na yale maji mekundu si damu. Damu karibu yote ilitoka machinjioni; hayo ni maji ya msuli yenye myoglobini, protini inayoipa nyama wekundu. Nyama ya kusaga ndiyo usiikubali ikiwa na wekundu, hiyo lazima iive hadi ndani, hasa kwa watoto. Na kwa ndugu zangu Waislamu, nyama ya migahawa hii kwa kawaida si halali, kwa hiyo samaki ndiyo kimbilio, ila uliza kama wanamchoma juu ya wavu uleule. Uliza tu.

Mwezi uliopita baba alikuja kutembea. Ana miaka 74, na hajawahi kula nyama asiyoijua ilikotoka. Nikampitisha njia ileile, tukala Amarillo kwenyewe, mimi, yeye na mke wangu. Safari hii niliuliza kila kitu. Nikaagiza ribai, yaani steki ya sehemu ya mbavu, moja kubwa ya kugawana, midiamu weli, nikaomba isije nzima mbele ya mtu mmoja bali ikatwekatwe na kuwekwa katikati, kama mnadani. Mhudumu akaileta juu ya ubao wa mti, pamoja na limau na chupa ya pilipili. Baba akanawa, akabonyeza kipande kwa kidole gumba, akayatazama mafuta yake, akala taratibu.

"Ng'ombe huyu hakutembea," akasema.

Nilijivunia baba yangu siku ile kuliko siku yoyote. Ni kweli hakutembea. Ng'ombe wa ukanda ule miezi yao ya mwisho wanafungiwa mazizini, wanalishwa nafaka, mahindi hasa, na mafuta yanaingia ndani ya nyama kama nyuzi nyeupe. Kwa nyuzi hizohizo Wamarekani wanapanga daraja: Praimu juu, kisha Choisi, kisha Selekti. Mzee wa Singida alilisoma hilo kwa kidole. Mazizi yenyewe aliyaona baadaye kando ya barabara, ng'ombe maelfu wamesimama juu ya udongo mtupu, harufu ikituingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Akauliza wanachungwa na nani, nikakosa la kumjibu.

Bili ilikuwa dola 74. Nikaweka 15 juu. Baba akataka kujua za nini, nikamweleza habari ya 2.13, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza nikamweleza na ya 2014, ambayo alikuwa amewahi kuisikia kwangu kwa namna nyingine. Akanyamaza. Kisha akauliza ule mgahawa uko wapi. Nikamwambia mbele kidogo.

"Basi tupitie."

Nilikuwa na dola 40 mfukoni, nimezikunja tangu nyumbani, ingawa nilijua yule dada huenda aliondoka zamani. Nikatoka kwenye barabara kuu, nikazunguka mara mbili kabla sijapatambua mahali. Pembe hazipo. Mlangoni pamepangwa matairi, na kijana mmoja alikuwa anajaza gari la mtu upepo. Nikashuka, nikamuuliza. Hakuwa na habari, alikuta pakiwa hivyo. Baba alibaki ndani ya gari na boksi la nyama iliyobaki mapajani, akinisubiri.